Kuwazuia Panya Wasiingie Katika Mashine Zilizoegeshwa



Katika nchi ya Uasin Gishu mavuno ya ngano na mahindi huanza mnamo mwezi wa Oktoba, nayo huendelea mpaka karibu na Krismasi. Yakiisha, zile mashine kubwa za kuvunia ziitwazo kombaini huegeshwa bandani au chini ya miti, na nyingi hukaa hapo miezi mingi pasipo kuwashwa. Matrekta nayo hupumzika, na lori ambalo mwenyewe amekosa fedha za kununulia magurudumu husimama uani. Mwenye mali hufunga mlango, hutia ufunguo mfukoni, naye hudhani kwamba mashine imelala peke yake. Kumbe sivyo. Haupiti muda mrefu kabla ya mpangaji kuingia pasipo kulipa kodi, naye ni panya.

Watu wengi humhesabu panya kuwa mwizi wa mahindi tu, na hakika yu mwizi. Lakini hasara afanyayo katika mashine si ya wizi, bali ni ya meno. Meno yake ya mbele hayakomi kukua maisha yake yote, hata hana budi kuyasugua daima kwa kutafuna kitu kigumu kiasi. Waya wa umeme uliovikwa plastiki wamfaa sana kwa kazi hiyo. Matrekta ya zamani yalikuwa na nyaya chache, na fundi wa kijijini aliweza kuzifuata kwa macho kutoka betri mpaka taa. Kombaini za siku hizi zina kompyuta ndani yake, na nyaya zake zimefungwa pamoja katika mafungu manene. Mmoja ukikatwa katikati ya fungu, mashine hukataa kuwaka, au huwaka ikazimika katikati ya shamba, na fundi aweza kumaliza siku nzima akitafuta jeraha lisiloonekana.

Wala hasara hiyo si ya mwenye mashine peke yake. Wakulima wenye ekari tano au kumi kwa kawaida hawana kombaini yao. Huikodi, nao hungoja zamu. Mashine ikikwama kwa mmoja, zamu za wote husogea. Na ngano iliyokwisha kukomaa haina subira: mvua ikiinyeshea siku kadhaa, punje huchipuka zikiwa bado katika suke, na ngano ya namna hiyo haifai tena kwa unga wa mkate. Kwa hiyo waya uliotafunwa mwezi wa Machi, kwa siri, pasipo mtu kujua, waweza kumnyima mtoto wa jirani karo yake mwezi wa Januari.

Panya wanaohusika ni wa namna tatu. Yuko panya wa nyumbani, yule mweusi akaaye darini, hodari sana wa kupanda. Yuko kipanya mdogo, ambaye hupenya katika tundu lisilozidi unene wa penseli. Tena yuko panya wa shambani, ambaye jike lake lina matiti mengi kuliko panya wengine. Huchukua mimba siku 23 hivi, na mara nyingi huzaa watoto 10 au zaidi kwa mara moja. Mtu akifanya hesabu hiyo kwa miezi sita ya kuegesha, ataelewa kwa nini panya wawili wa Januari si wawili tena Julai. Mwaka 1962, baada ya mvua kubwa za mwisho wa mwaka 1961, panya waliongezeka kupita kiasi katika sehemu za kilimo za Kenya, wakaharibu mahindi, ngano na shayiri mashambani. Miaka ya namna hiyo haiji kila mara, lakini ikija humkuta aliyefanya matengenezo mapema na asiyefanya.

Sasa, panya hutafuta nini katika chuma? Hutafuta mambo mawili: joto na chakula. Eldoret uko juu ya bahari kwa kadiri ya mita 2,100, na usiku wa Julai ni wa baridi kali. Kiti chenye sifongo ndani yake ni kitanda kizuri. Lakini chakula ndicho kimwitacho kwanza. Kombaini iliyotoka shambani huwa na nafaka katika pembe za tangi, katika mabomba ya kupandishia nafaka, na chini ya sakafu ya kabini. Lori lililongoja kwa siku kadhaa kupakua mahindi katika ghala la Bodi ya Taifa ya Nafaka na Mazao huwa na punje katika kila ufa wa sakafu yake. Dereva naye huacha maganda ya karanga chini ya kiti, na kipande cha chapati kilichofungwa katika gazeti.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kusafisha, nayo ndiyo kubwa kuliko zote. Mashine iendeshwe tupu mpaka isiteme punje tena. Kisha izimwe na ufunguo uondolewe, ndipo milango yote ya chini ifunguliwe na vumbi lipulizwe kwa upepo wa kompresa. Kazi hiyo ifanywe mbali na mahali pa kuegeshea, maana mtu akiisafishia bandani atakuwa amewaandalia panya meza mlangoni.

Katika kufunga matundu, wengi hukosea kwa kudhani kwamba yapasa kufunga kila kitu. Kabini ndiyo ifungwe: kila tundu lipitalo waya au bomba lizibwe kwa zile nyuzi za chuma za kusugulia sufuria, zikishindiliwa vema, au kwa wavu wa chuma wenye matundu yasiyozidi milimita 6. Waya wa kuku haumzuii kipanya hata kidogo. Lakini tumbo la mashine, yaani tangi na mabomba yake, heri liachwe wazi, ikiwa iko chini ya banda lisilovuja, ili mwanga na hewa viingie. Panya hapendi chumba chenye mwanga. Waya wa betri ufunguliwe. Majani yafyekwe pande zote, wala mashine isiegeshwe karibu na ghala la mahindi wala karibu na marobota ya majani makavu.

Mitego na itegwe kandokando ya ukuta, kwa maana panya hupita huko, si katikati ya sakafu. Panya mkubwa huogopa kitu kigeni. Basi mtego uachwe siku chache pasipo kutegwa, wenye chambo, mpaka auzoee. Sumu ni jambo la kufikiriwa mara mbili. Sumu nyingi za siku hizi huua baada ya siku kadhaa, na mzoga huozea ndani ya bomba usikofika mkono. Tena paka au bundi amlaye panya yule aweza kufa naye. Bundi hana sifa njema katika vijiji vingi, na watu humfukuza kwa mawe. Hata hivyo hakuna mlinzi wa usiku afanyaye kazi hiyo kwa mshahara mdogo kuliko wake. Na vile vidonge vyeupe vya kufukuzia nondo, ambavyo madereva hupenda kuvitupa ndani ya kabini, humwumiza dereva kichwa kabla ya kumhamisha panya.

Kinyesi kikionekana, kisifagiliwe kikavu, kwa kuwa vumbi lake na mkojo wa panya huweza kuleta maradhi. Sehemu moja ya dawa ya klorini ichanganywe na sehemu tisa za maji, inyunyizwe, ingojewe dakika tano au zaidi, kisha pafutwe kwa kitambaa, mikono ikiwa na glavu.

Siku ya kuitoa mashine, isiwashwe kwa haraka ati kwa sababu mteja anangoja. Kifuniko cha injini kifunguliwe kwanza, na bomba la moshi litazamwe mpaka mwisho wake, kwa kuwa kiota cha majani makavu kikikaa karibu na chuma cha moto huwaka, na kombaini nyingine huteketea namna hiyo huku ngano ikiwa imeizunguka pande zote. Chujio la hewa litolewe, likung'utwe. Mafungu ya nyaya yapapaswe kwa mkono, mwanzo hata mwisho. Kizimamoto kiwe karibu, ndipo waya wa betri urudishwe, na ufunguo uzungushwe.