Kisu cha Kukunja Kinapoitwa Kirudi



Tumekuja kuzungumzia kitu kidogo ambacho huenda wengi wenu mnacho mfukoni: kisu cha kukunja. Mvuvi hukikatia kamba, mkulima hutenganishia korosho na bibo, na nyumbani humenyea embe. Hushikwa na mkono uleule unaolisha familia. Kwa hiyo kasoro yake si jambo la kupuuza.

Visu hivi ni vya aina mbili. Vya kwanza hushikiliwa na springi ya mgongoni tu. Ukikandamiza vibaya, bapa hujikunja. Vya pili vina kufuli, yaani kipande cha chuma kinachojipachika nyuma ya bapa baada ya kufunguliwa, kikalizuia lisirudi. Kufuli likitengenezwa vibaya, au likiliwa na kutu ya maji ya chumvi, bapa laweza kuachia ghafla na kufunga juu ya vidole. Jeraha hilo laweza kukata kano, na kidole kilichokatwa kano huhitaji upasuaji ili kipate kukunjika tena.

Mtengenezaji au mwagizaji anapogundua kasoro ya namna hiyo, haifai apunguze bei ili amalize shehena. Inampasa aiite bidhaa irudi. Mwezi Julai 2012, nchini Marekani, mapanga ya Gerber yapatayo 40,000 yaliitwa yarudi, kwa kuwa mahali mpini unapokutana na bapa paliweza kupasuka au kuvunjika. Wanunuzi waliambiwa waache kuyatumia mara moja. Mwenye panga aliweza kujua kwamba wito unamhusu, kwa sababu bidhaa ilikuwa na jina la mtengenezaji na namba yake.

Nasi hapa nchini tunayo Sheria ya Ushindani, Na. 8 ya mwaka 2003, yenye vifungu vya usalama na urejeshaji wa bidhaa. Hata hivyo, sheria haioni ndani ya mfuko wa mtu. Kisu kikinunuliwa kwa mchuuzi apitaye, hakina jina wala risiti, redio itatangaza na mwenye kisu atasikia, lakini hatajua kwamba ndicho hicho alichokishika. Ndiyo maana tunasema kwamba urejeshaji wa bidhaa huanza siku ya kununua.

Basi, mnunuapo, tazameni kama kisu au kasha lake lina jina la mtengenezaji na namba ya bidhaa. Daini risiti, hata iliyoandikwa kwa mkono, na muitunze pamoja na kasha. Kama kisu kina kufuli, kijaribuni kabla ya kulipa: kifungueni, shikeni mpini huku vidole vyote vikiwa nje ya njia ya bapa, kisha gandamizeni mgongo wa bapa polepole juu ya ubao. Bapa likicheza au likianza kujikunja, kirudisheni kwa muuzaji. Jaribio hili halithibitishi kwamba kisu ni salama, bali hufichua kibovu kilicho dhahiri.

Mkisikia kisu chenu kimeitwa kirudi, acheni kukitumia siku hiyohiyo, hata kama hakijawahi kuwadhuru. Kifungeni kwa kitambaa, kiwekeni mbali na watoto, na mkipeleke kwa aliyewauzia pamoja na risiti. Msikifunge kwa waya mkaendelea nacho. Msikiuze kwa bei ya kutupa, wala msikivushe Kilambo kwenda kwa jirani zetu wa Msumbiji. Hatari haibaki ng'ambo hii kwa sababu kisu kimevuka Ruvuma.

Nanyi wafanyabiashara, tunzeni hati za mzigo zinazoonyesha mlinunua kwa nani. Tangazo likitoka, ondoeni visu vilivyobaki mezani na muwaarifu wateja mnaowafahamu.

Aliyekatwa na kisu kilichojikunja aende kituo cha afya kwanza. Kisha asikitupe kisu hicho. Akihifadhi na atoe taarifa kwa Tume ya Ushindani au Shirika la Viwango Tanzania. Kisu kilichotupwa baharini hakiwezi kuchunguzwa, na wenziwe wa shehena ileile watabaki mifukoni mwa watu.