Kijana Akitaka Kushindana na Dunia

(Hotuba ya Ofisa wa Elimu ya Watu Wazima kwa wahitimu wa kisomo, Unguja)





Leo tuzungumze juu ya hakathoni. Hakathoni ni mashindano ya kutengeneza programu za kompyuta. Watu hupewa tatizo na muda maalumu. Wanalitafutia ufumbuzi, kisha majaji huchagua kazi bora. Siku hizi mengi hufanyika kwa intaneti. Kijana wa Makunduchi anaweza kushindana na kijana wa Uhindi bila ya kupanda chombo.

Mtasema, sisi wakulima na wavuvi yanatuhusu nini? Yanatuhusu. Mwaka 2016 ulianza mradi wa kupiga picha visiwa vyetu kwa ndege ndogo zisizo na rubani. Baadaye picha za Zanzibar zilitiwa, pamoja na za miji mingine ya Afrika, katika mashindano ya dunia yaliyokwisha Machi 2020. Kazi ilikuwa kuifundisha kompyuta kutambua nyumba ndani ya picha, ili ijulikane watu wanaishi wapi kabla ya maafa kama mafuriko. Zawadi zote pamoja zilikuwa dola 15,000 za Kimarekani. Basi mapaa yetu yameshindaniwa na dunia nzima. Je, watoto wetu wawe watazamaji tu?

Lakini mashindano yana kanuni. Mzazi akae na kijana wake wazisome pamoja. Angalieni haya:

1. Kiingilio. Shirika la anga la Marekani, NASA, lina mashindano ya kila mwaka tangu 2012. Kuingia ni bure. Mtu akikupigia simu akitaka pesa ili "akuandikishe", usimpe. Soma kanuni kwanza.

2. Kikundi. Katika mashindano hayo ya NASA kikundi hakizidi watu 6. Na mtu ajiandikishe mara moja tu. 

3. Saa. Hapa wengi hukwama. Saa za kimataifa ziko nyuma ya zetu kwa saa tatu, nao huhesabu kuanzia usiku wa manane. Wakiandika mwisho ni 12:00 mchana kwa saa hizo, kwetu ni saa tisa alasiri. Kijana akingojea saa kumi na mbili jioni, amechelewa.

4. Kazi iwe yako. Usiibe ya mwenzako. Ukitumia kitu cha mtu, hakikisha kimeruhusiwa, na useni ni cha nani.

5. Haki ya kazi. Katika yale mashindano ya mapaa, washindi walitakiwa kuziachia programu zao zitumiwe na watu wote. Si jambo baya, lakini lijue kabla hujakubali.

6. Zawadi. Wanakikundi waandikiane mapema watagawana vipi. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Kanuni nyingi zimeandikwa kwa Kiingereza. Isiwe sababu ya mzazi kukaa pembeni. Kijana asome na kufasiri, mzee aulize: Nani anaandaa? Mwisho lini? Kazi itakuwa ya nani? Zawadi italipwa vipi? Kama jibu halikupatikana, asikubali bado.

Ndugu zangu, zamani wazee wetu wengi walitia dole gumba katika karatasi wasizoweza kuzisoma. Wengine walipoteza mali zao. Siku hizi dole gumba linabonyeza simu: "Nakubali." Kama hujasoma, hatari ni ile ile. Nyinyi mmejifunza kusoma. Basi someni na watoto wenu, kisha waacheni wakashindane. Mgaagaa na upwa hali wali mkavu.