Bustani ya Jeevanjee na Mapumziko ya Watu wa Mji

Jioni hii nataka kuzungumza nanyi juu ya kipande cha ardhi cha eka 5 ambacho hakilimwi wala hakijengwi, nacho kimo katikati ya mji wa Nairobi. Najua wengi mnaonisikiliza ni wakulima, na mkulima akisikia habari za eka 5 zisizolimwa huuliza mara moja, je, mwenyewe ni mvivu au ni mgonjwa? Nivumilieni kidogo, nitawajibu.

Kijijini hakuna mtu aulizaye mahali pa kupumzika. Jua likiwa la utosi, mtu huweka jembe lake chini akaenda mpaka penye mwembe, akakuta wazee wamekwisha kaa, nao wakamsogelea apate nafasi. Hapana amwulizaye amekuja kununua nini. Mjini mambo ni mengine. Kila futi ya ardhi ina mwenyewe, na mahali pa kukaa pana bei yake. Ukitaka kiti, sharti ununue chai. Ukisimama sana mbele ya duka, bawabu atakuuliza wamngoja nani. Basi fikirini habari za kijana aliyekuja mjini kutafuta kazi. Amekwenda ofisi hata ofisi tangu asubuhi, na fedha zilizomo mfukoni mwake ni nauli ya kumrudisha kwao tu. Saa 7 mchana atakaa wapi?

Mahali pake ni hapo ninapotaka kuwaeleza, Bustani ya Jeevanjee.

Alibhai Mulla Jeevanjee alikuwa mfanyi biashara, mzaliwa wa Karachi, mwaka 1856. Alifika Mombasa mwaka 1890, na reli ya Uganda ilipokuwa ikijengwa alipata kazi ya kuleta vibarua kutoka Bara Hindi. Reli ikafika Nairobi mwaka 1899, wakati ambapo pale palikuwa na maji, matete na mahema. Mji ulipoanza kukua, Jeevanjee alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kununua viwanja na kujenga majumba. Angalieni basi jambo hili, maana kwangu mimi ndilo la ajabu katika habari hii yote: aliyetoa ardhi ile isijengwe hakuwa mtu asiyejua thamani ya kiwanja. Alikuwa akivinunua na kuvijenga siku zote. Mwaka 1906 bustani ilifunguliwa, akaisimamishia sanamu ya Malkia Victoria, nayo ikafunuliwa na Duke wa Connaught, mwana wa Malkia huyo. Sanamu iliharibiwa mwaka 2015. Bustani ingaliko.

Sasa nirudie swali la mkulima. Eka hizo zafanya kazi gani?

Kazi yake ya kwanza mtaifahamu upesi, kwa sababu mnayo mitungi majumbani. Maji ya mtungini huwa baridi hata wakati wa joto, kwa kuwa udongo wa mtungi hupenyeza maji kidogo kidogo, nayo yakigeuka mvuke huondoka na joto. Mti hufanya vivyo hivyo. Hunywa maji kwa mizizi na kuyatoa kwa majani, na hewa iliyouzunguka hupoa. Ukuta wa saruji hauwezi kufanya hivyo. Hulihifadhi joto la mchana na kulitoa pole pole hata usiku. Hiyo ndiyo sababu kivuli cha mti ni kizuri kuliko kivuli cha ukuta, ijapokuwa vyote viwili ni vivuli.

Kazi ya pili ni ya ndani zaidi. Wataalamu wawili wa Marekani, Rachel Kaplan na Stephen Kaplan, mtu na mkewe, walieleza katika kitabu chao cha mwaka 1989 ya kuwa akili ya mtu huangalia mambo kwa njia mbili. Njia moja ni ya kujilazimisha, kama mtu anayevuka barabara yenye magari, au karani anayejumlisha hesabu huku wenziwe wanapiga kelele. Njia hii huchosha, na mtu aliyechoka hivyo hukosea na kukasirika upesi. Njia ya pili haina kujilazimisha: macho hufuata jani linalotikisika, ndege anayeruka, kivuli kinachosogea. Wakati ule, ile njia ya kwanza hupumzika na kupata nguvu tena. Mjini mtu huitumia njia ya kwanza toka asubuhi hata jioni, wala haoni kitu cha kumpumzisha.

Neno hili lilijaribiwa. Mwaka 2008 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Michigan walitangaza habari za watu waliotembea kwa muda wa karibu saa nzima, mara moja kwenye miti na mara nyingine katika njia za mjini. Kabla na baada ya matembezi walitajiwa tarakimu, wakatakiwa kuzirudia kinyumenyume. Nanyi wanafunzi jaribuni wenyewe, 7, 2, 9, 4, 1, mtaona si kazi rahisi. Waliotoka kwenye miti waliongeza ustadi wao. Waliotoka mjini hawakupata faida ile. Hata waliotembea wakati wa baridi kali, ambao hawakuyafurahia matembezi yenyewe, walipata faida ile ile.

Na kabla ya hapo, mwaka 1984, Roger Ulrich alitangaza habari za hospitali moja ya Pennsylvania. Aliwalinganisha wagonjwa 23, ambao baada ya kupasuliwa walilazwa penye dirisha la kuona miti, na wengine 23 ambao dirisha lao lilitazama ukuta wa matofali. Wale wa kwanza walikaa hospitalini karibu siku 8, na wa pili karibu siku 8 na robo tatu, nao walihitaji dawa kali zaidi za maumivu. Miti ile hawakuigusa, waliiona tu.

Lakini ardhi isiyojengwa haijilindi yenyewe. Mwenye kutazama kwa jicho la fedha huiona kama mfuko mtupu. Mwaka 1989 palikuwa na shauri la kujenga jumba la ghorofa 60 katika Uhuru Park, bustani nyingine ya Nairobi iliyo kubwa zaidi, na Wangari Maathai akalipinga, akatukanwa hadharani kwa ajili yake. Hatimaye jumba halikujengwa. Mwaka 1991 zamu ikafika kwa Bustani ya Jeevanjee. Palitokea shauri la kuijenga, na magari yapate mahali pa kuegeshwa. Zarina Patel, mjukuu wa Jeevanjee, akasimama kulipinga, akawaamsha watu wa mji, na shauri lile nalo likaanguka. Yeye hakuwa akidai mali ya babu yake irudishwe kwake. Alidai ibaki mikononi mwa wale waliopewa.

Sisemi ya kwamba ndani yake pana kimya. Mhubiri mmoja hushindana kwa sauti na mwenziwe aliye hatua chache tu kutoka kwake. Pana na wale wanaokutana kujadili mambo ya nchi, ambao wamejiita Bunge la Mwananchi, na mabishano yao si ya kunong'ona. Hata hivyo mtu hulala usingizi kwenye majani karibu nao, viatu vyake amevifanya mto.

Mkifika Nairobi mmechoka, shikeni njia ya Muindi Mbingu kutoka City Market, mkiuacha mji wa maduka nyuma yenu. Si mwendo mrefu. Mtaiona miti kabla ya kuiona bustani yenyewe. Ingieni mkae, hapana wa kuwauliza mmekuja kununua nini.

Kwa herini.