Ufa wa Boma Hauzibwi kwa Saruji

Msikilizaji, ukishuka boti ya Zanzibar pale bandarini Dar es Salaam na kuvuka Barabara ya Sokoine, utaliona jengo jeupe la ghorofa moja, kuta zake nene, ukingo wake wa juu umekatwa meno mithili ya ngome. Wenyeji wanaliita Old Boma, yaani Boma la Kale. Ni miongoni mwa majengo makongwe kabisa yaliyobaki jijini.

Alilijenga Sultani Majid bin Said wa Zanzibar kati ya 1866 na 1867, alipoamua kuanzisha mji mpya kando ya kijiji cha Mzizima. Halikuwa kasri lake. Kasri lilikuwa jirani. Hapa walilazwa wageni. Majid akafariki 1870, na ndugu yake Barghash aliyemrithi hakuwa na haja na mji huo. Leo kasri halipo, nyumba ya wageni ipo.

Imenusurika vipi? Kila mtawala aliyekuja alilipatia jengo kazi. Wajerumani walifika 1887, na 1891 wakahamishia makao yao makuu Dar es Salaam kutoka Bagamoyo. Wakaja Waingereza mwaka 1916. Baada ya Uhuru likawa mikononi mwa Jiji, na kuna wakati liliponea chupuchupu kubomolewa. Hata Halmashauri ya Jiji yenyewe ilivunjwa Februari 2021, Ilala ikapandishwa hadhi kuwa jiji. Watawala wamepishana mlangoni, Boma limebaki.

Lakini kulipatia jengo kazi ni nusu ya matunzo. Nusu ya pili imo ndani ya ukuta, na hiyo ndiyo tunayoikosea.

Ukuta wa namna hii ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa. Chokaa yenyewe ni matumbawe yaliyochomwa juu ya rundo la magogo, yakamwagiwa maji, yakaachwa yaive. Juu zikalazwa boriti za mikoko, na juu ya boriti mawe na chokaa iliyopondwa mpaka ikawa sakafu. Ingia nyumba yoyote ya kale ya pwani, utaona vyumba virefu na vyembamba. Boriti ndiyo iliyompangia fundi: haivuki kwa usalama zaidi ya mita tatu hivi, basi na chumba kikaishia hapo.

Ukuta huo hunywa maji. Huyavuta kutoka ardhini na kwenye mvua, kisha jua likiwaka huyatoa, kwa sababu chokaa ina matundu ya kupitisha unyevu. Sasa anakuja mkandarasi wetu. Anabandua plasta ya chokaa, anapiga ya saruji, juu yake anapaka rangi ya mafuta. Siku ya uzinduzi jengo linang'aa, mgeni rasmi anakata utepe. Maji hayana habari na utepe. Yanaendelea kupanda, yanakosa pa kutokea, chumvi inasukuma plasta mpaka inavimba na kudondoka vipande vipande. Hilo angalau unaliona. Usiloliona ni vichwa vya boriti vilivyozikwa ukutani, vinavyooza taratibu. Boriti ikiachia, dari inafuata.

Na majengo haya yakianguka, hayaangukii karatasi. Tarehe 25 Desemba 2020, sehemu kubwa ya jumba la kale la Beit al-Ajaib pale Forodhani, Zanzibar, iliporomoka kazi ya ukarabati ikiendelea, na watu wawili wakapoteza maisha.

Najua watakaloniambia wahandisi: chokaa inachelewa kukauka, na mafundi wake ni wachache. Kuchelewa ni kweli. Mafundi nao ni wachache kwa kuwa hatuwapi kazi, na bado wapo Mji Mkongwe, mwendo wa boti tu. Wakipewa zabuni yenye sharti la kufundisha vijana, uchache huo utapungua. Jengo lililosimama zaidi ya miaka 150 haliwezi kushindwa kusubiri plasta ikauke.

Hata sheria imetutangulia. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda milango ya nakshi iliyochongwa kabla ya 1940. Mlango wa Boma la Kale umechongwa kwa mtindo wa Kizanzibari. Haitasaidia kuulinda mlango huku ukuta unaoushika ukiozeshwa kwa fedha za ukarabati.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa kila halmashauri yenye boma la matumbawe, kuanzia Pangani na Bagamoyo hadi Kilwa na Mikindani. Mkitangaza zabuni ya ukarabati, andikeni waziwazi: chokaa, siyo saruji. Mkandarasi asiyeijua chokaa asipewe kazi. Wahenga walituonya kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa majengo haya, ukiuziba kwa saruji, ukuta utaujenga vilevile.