Debe Moja na Nusu la Maharage

Hotuba iliyosomwa mbele ya waumini na majirani katika maadhimisho ya hekalu letu



Tumeombwa tuseme machache juu ya neema. Huenda wengi walitazamia kwamba familia ya wafanyabiashara itazungumzia neema ya duka. Sisi tumeona afadhali tuzungumzie debe moja na nusu la maharage, kwa kuwa hayo ndiyo mavuno ya kwanza ambayo familia yetu imeyatoa ardhini kwa mikono yake tangu ilipoingia nchi hii.

Babu yetu aliondoka Saurashtra akiwa mtoto wa mkulima wa karanga na uwele. Aliifuata reli ya kati, ile iliyofika Kigoma mwaka 1914, kisha akapanda huku milimani na furushi la vitambaa na chumvi. Tangu siku hizo tumenunua mahindi na maharage ya nyanda hizi na kuyauza mbali. Gunia tulilijua uzito wake kwa kulitazama tu. Jembe tulilijua kama bidhaa ya kutundikwa dukani.

Iko Busunzu bustani ya pamoja, kwenye mteremko ulio juu ya kijito, ambamo kila familia ina kipande chake na matuta yanagusana. Wazee husema mtindo huo si mgeni, kwani katika miaka ya vijiji vya ujamaa yalikuwapo mashamba yaliyoitwa bega kwa bega. Mwaka jana kipande kimoja kilibaki bila mtu, na majirani wakatuambia, "Njooni mlime ninyi, vyetu mmekula muda mrefu." Walisema kwa mzaha, nasi tulicheka. Hata hivyo tulikwenda.

Tulipanda mwezi wa Oktoba, mvua zilipoanza. Kwa tamaa ya mavuno mengi tulirundika mbegu nne na tano katika shimo moja, na mama mmoja mwenye kipande cha jirani akatuonyesha jinsi ya kuipunguza miche. Kisha tukaenda kupalilia alfajiri, umande ungali juu ya majani, tukidhani kuwahi ndiyo bidii. Mama yule alitusimamisha. Alitueleza kwamba maharage yakiguswa yangali na maji, ugonjwa huhama kutoka shina hadi shina kwa mikono ya mpaliliaji mwenyewe. Tangu siku hiyo tulingoja jua lipande na majani yakauke.

Mavuno yalikuja katikati ya Januari, karibu na Makar Sankranti, siku ambayo watu wa Gujarat hurusha tiara na kufurahia mavuno, jua linapoanza safari yake ya kaskazini. Tuling'oa mashina, tukayaanika juu ya turubai, tukayapiga kwa fimbo, na akina mama wakapepeta kwa ungo. Wajukuu waliokota hata punje zilizorukia majanini.

Sahani ya kwanza tuliileta hapa hekaluni, ikawekwa mbele ya Mungu, kisha ikarudi kwetu kuwa prasad. Jioni ile tulikula pamoja na majirani wote wa bustani. Sufuria moja ilipikwa kwa mawese, kama wapikavyo wao, na nyingine kwa jira, haradali na binzari, kama tupikavyo sisi. Zote mbili zikaliwa kwa ugali wa muhogo mpaka zikakwanguliwa. Tumekula maharage kwa zaidi ya miaka sitini, lakini usiku ule tulikula polepole, kwa sababu tulijua kila punje ilikotoka.

Ndugu zetu, liko jambo jingine la siku ile, na ndilo lililotuleta kusimama hapa. Kabla ya kupika tulipima. Kwa debe la mama jirani, maharage yetu yalikuwa debe moja na nusu. Mjukuu wetu akakimbilia lile debe tunalonunulia dukani. Akalijaza, akapandisha kichuguu juu yake kama aonavyo kila siku, na kilichobaki hakikufika hata nusu. Mtoto akauliza maharage yamekwenda wapi. Hakuna aliyemjibu. Mama jirani akatabasamu, akasema taratibu, "Debe la dukani halishibi, mjukuu wangu."

Tulipima kwa mizani kile kichuguu pamoja na tumbo la debe lililotanuliwa kwa kugongwagongwa: kilo mbili na nusu. Basi mkulima aliyetuletea debe 12 alituachia kilo 30 bila malipo, nazo ni zaidi ya mavuno yetu yote ya msimu mzima: mbegu, palizi, umande, na migongo iliyouma.

Hatuwezi kusema kwamba hatukujua. Wakala wa Vipimo umetukumbusha wafanyabiashara miaka mingi kwamba mazao yapimwe kwa mizani, na gunia lisizidi kilo 100. Tulikuwa na majibu yetu: usafiri ni ghali, maharage hupungua yakikauka, na kila mnunuzi hufanya hivyo. Majibu hayo yalitosha tulipokuwa upande mmoja wa debe. Upande wa pili hayakutosha.

Kwa hiyo, mbele ya Mungu na mbele yenu, tunaomba radhi. Wako tuliowapunja ambao wamekwisha kufariki, na deni lao hatuna tena pa kulilipa. Walio hai watakuta mizani mlangoni mwa duka letu, imetazama nje, ili muuzaji aisome mwenyewe. Lile debe tumelitoboa matundu chini. Sasa ndilo tunalomwagilia miche bustanini. Nanyi ndugu zetu wa hekalu hili mlio katika biashara ya mazao, hatuwahukumu. Tunawaalika tu mje mlime kipande kimoja kwa msimu mmoja.

Tumeacha mfuko wa mbegu karibu na mlango. Kila familia ichukue konzi moja inapotoka. Pandeni kwa nafasi, msipalilie majani yakiwa na maji, na sahani ya kwanza ikishatolewa kwa Mungu, muitane majirani.

Mungu awabariki nyote, na mvua zije kwa wakati wake.