Tuwaulize Wenye Ujuzi wa Saa



Qur'ani Tukufu (16:43) inatuelekeza kuwauliza wenye elimu tusipojua. Hapa Shangani tunaswali na kufunga kwa saa za simu na kompyuta, ambazo nyingi hurekebishwa kupitia mtandao. Je, tutegemee seva ipi ya wakati?

Elimu hii ina wenyewe. Tangu marehemu Profesa David Mills wa Marekani alipotangaza utaratibu wa kusawazisha saa za mtandao mwaka 1985, wajuzi wake wamekuwa wakiusia: mtunza kompyuta aweke seva nne au zaidi. Ya pekee ikikosea, naye hukosea. Mbili zikihitilafiana, hajui ipi ya kweli. Zikiwa nne, iliyopotoka hubainishwa na wenzake.

Tarehe 19 Novemba 2012, seva mashuhuri za Kituo cha Falaki cha Jeshi la Majini la Marekani zilitoa mwaka 2000. Waliozitegemea peke yake waliyumba. Waliofuata usia walisalimika. Basi mjuzi wa kweli hatutaki tufumbe macho, bali hutufundisha kupima.

Hata hivyo, saa sahihi haisahihishi ratiba ya ugenini. Mtwara iko mashariki ya Dar es Salaam kwa karibu nyuzi 0.9, hivyo Adhuhuri hututangulia kwa dakika 3 hadi 4. Mwezi Desemba Alfajiri hututangulia zaidi. Afuataye ratiba ya huko aweza kula daku wakati umekwisha.

Tuwaulize wajuzi wa falaki kabla ya kufunga, si baada yake.

Wabillahi tawfiq.