Kisado Mlangoni: Maneno ya Kamati ya Maigizo kwa Wanamollo



Sisi wa kamati ya maigizo tunashukuru kupewa nafasi hii kabla ya chakula. Harufu ya pilau imeshafika huku mbele, kwa hiyo hatutawachosha.

Tuanze na deni. Mwaka jana katika harambee kama hii tuliandika ahadi kurasa tatu za daftari. Zilizolipwa hazikujaza hata ukurasa mmoja. Hatulisemi hili kumwaibisha mtu, maana na sisi wanakamati majina yetu yamo katika zile kurasa mbili nyingine. Mtu akishika kipaza sauti mbele ya shemeji zake hutaja laki. Akifika nyumbani anakuta ada ya shule na mbolea vinamsubiri.

Matokeo yake mliyaona Desemba. Vijana wetu walikuwa wanaigiza ile habari ya Milansi chini ya mikaratusi. Wazee mnaijua: mtawala hayupo nyumbani, amemwonya mkewe asikitoe kigoda kwa mgeni yeyote, kisha wanawake watatu wasiojulikana wanafika. Mama wa watu anawapa kigoda wakae, na mumewe anaporudi, nchi imeshapata wenyewe wengine. Ndio mwanzo wa utawala wa Watwa, ambao baadaye uligawanyika kuwa Nkansi na Lyangalile. Basi wale wanawake wakiwa ndiyo kwanza wanabisha hodi, mvua ikashuka. Kila mtu alikimbia. Mpaka leo watoto wanatuuliza barabarani: wale wageni walipewa kigoda au hawakupewa?

Huko nje wapo watu ambao Sumbawanga wanaijua kwa jina lake tu, wanacheka kwamba maana yake ni tupa uchawi, basi. Habari ya kigoda hawaijui, wala ya malungu ambamo babu zetu waliyeyusha chuma. Tusipoisimulia wenyewe, hata wanetu watabaki na kile kichekesho peke yake.

Tunachotaka si jumba. Tunataka jukwaa la matofali ya kuchoma, paa la bati juu ya waigizaji na watazamaji, na mabenchi. Yupo mtu aliyejitolea kulipia paa lote, kwa sharti kwamba yeye ndiye atakayechagua michezo itakayochezwa. Kamati tuligawanyika, tukabishana mpaka saa nne usiku. Wengine tulisema bati ni bati, mvua haiulizi nani kalinunua. Mwishowe tulimshukuru, tukamwambia achangie kama sisi wengine. Labda tumekosea, mtatuhukumu nyinyi. Lakini ni vigumu kuigiza habari ya Milansi huku umeshakitoa kigoda.

Wapo waliowahi kujenga wenyewe. Mwaka 1977, kijijini Kamiriithu huko Limuru, Kenya, wakulima na vibarua walijenga kwa mikono yao ukumbi wa wazi wa kukaa watu zaidi ya 2,000. Mchezo wao, Ngaahika Ndeenda, uliandikwa kwa Kikuyu na Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mirii. Mazoezi yalifanyika hadharani, na mpita njia aliyeona mwigizaji anakosea alimsahihisha. Watu wa mbali walikodi magari kwenda kutazama. Ni kweli kwamba serikali ya huko iliufungia mchezo ule mwaka huohuo, na mwaka 1982 ukumbi ukabomolewa. Sisi hatuna ugomvi na mtu, na afisa utamaduni tutamwona mapema. Tunachokichukua Kamiriithu ni kwamba mtu wa kipato kidogo akishirikishwa tangu mazoezini, huja na tofali lake bila kuitwa kwa kipaza sauti.

Sasa, sisi huku fedha yetu ni mahindi. Harambee tunaifanya wakati mifuko mitupu, halafu tunashangaa ahadi hazilipwi. Safari hii tunaomba onyesho lifanyike Julai, watu wakiwa wamevuna. Liwe mchana, maana usiku wa Julai mnaujua baridi yake. Kiingilio kiwe kisado kimoja cha mahindi, mlangoni. Watoto waingie bure. Mwenye uwezo alete gunia. Gunia la kawaida tu, jamani, hatudai lumbesa.

Mahindi hayo tusiyauze palepale wakati bei iko chini. Tuyakaushe, tuyatie katika mifuko isiyopitisha hewa ili dumuzi asitutangulie, tuyauze bei ikipanda kuanzia Desemba. Hapo pana hatari, hatufichi. Bei ya mahindi haina mkataba na mtu, na upo mwaka inapogoma kupanda. Kwa hiyo tunapendekeza nusu iuzwe mapema, NFRA wakifungua ununuzi, tupate ya matofali. Nusu nyingine ndiyo isubiri, iwe ya bati.

La pili ni shule. Vizazi vya kidato cha tatu na cha nne vimejibu mitihani kuhusu Orodha, Kilio Chetu na Ngoswe bila kuwahi kuona mchezo hata mmoja ukichezwa. Vijana wetu wanaweza kupeleka tamthiliya shuleni, kila mwanafunzi achangie kidogo. Kabla ya hapo lazima tupate ruhusa ya wenye kazi, na COSOTA watatuelekeza. Mwalimu mmoja wa Kiswahili aliye hapa ukumbini ametuambia yeye yuko tayari hata kesho.

La harusi tunalitaja kwa haraka: kamati za send-off zinatafuta kitu kipya, na kichekesho cha dakika 20 kitawapumzisha wageni na hotuba. Zikiwemo za kwetu.

Ndugu zetu mlioko mbali hatuwaombi kisado kwa basi. Toeni thamani ya gunia moja kwa bei ya soko la Sumbawanga siku mtakayotuma, kwa Lipa Namba ya umoja, na stakabadhi itapigwa picha na kuwekwa kwenye kikundi cha WhatsApp siku hiyohiyo. Kila mwisho wa mwezi mweka hazina ataweka pale idadi ya magunia yaliyopo stoo. Yakipungua, atasema yamekwenda wapi.

Daftari la ahadi safari hii hatukuja nalo. Mizani itakuwa pale mlangoni Julai, na mchezo utaanzia pale mvua ilipoukatisha, wageni wakibisha hodi.